Maji ya bwawa si maji ya mto: nilivyojifunza kuogelea Moshi nikiwa mtu mzima

Moshi tumezungukwa na mito. Ukitoka mjini kwenda Boma Ng'ombe unavuka Karanga, Weruweru na Kikafu, na ukipanda Uru kuna Rau na vijito vyake, bila kutaja mifongo ambayo wazee walichimba kupeleka maji kwenye migomba. Pamoja na maji yote hayo, watu wazima ninaowajua wengi hawajui kuogelea. Mama alitulea na amri moja tu kuhusu mto: chota, ondoka. Nikaishika amri hiyo mpaka nikavuka miaka arobaini.

Kilichonitoa kwenye amri ya mama ni goti. Mimi ni fundi cherehani, na miaka mingi ya kukanyaga cherehani ilinilipa goti la kulia linalovimba kila jioni. Daktari akasema nipunguze uzito na nitafute mazoezi yasiyoligandamiza, akataja kuogelea. Nilimjibu kwamba mimi majini naweza kufua tu. Akacheka, lakini karatasi aliandika hivyohivyo.

Sitakaa sana kwenye habari za bwawa. Nililipa elfu kumi kwa kila kipindi kwenye hoteli moja mjini, pamoja na shoga yangu ambaye duka lake la vitambaa linatazamana na langu. Kocha alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, na jambo la kwanza alilotufundisha lilikuwa kulala chali juu ya maji na kutulia. Nilidhani anatupotezea hela. Mikono na miguu tulikuja kujifunza baadaye, na shoga yangu akanipita mbali: anakata maji bwawa zima kwenda na kurudi huku mimi nahema kona. Ila kile kulala chali, naomba ukiweke akilini, maana nitakirudia.

Tulipoanza kujiamini tukaona bwawa ni ghali na lina dawa inayochoma macho, na sisi watu wa mlimani tuna maji ya bure kila upande. Hapo ndipo elimu yetu halisi ilipoanza. Bwawani kina kimeandikwa ukutani. Chini unapaona. Ukichoka unashika ukingo, na maji uliyoyaacha jana unayakuta palepale. Mtoni hakuna hata kimoja kati ya hivyo, na mtu aliyejifunza bwawani anaingia mtoni na ujasiri ambao hajaufanyia kazi.

Wengi huanzia Chemka, nasi tulianzia huko. Ndizo chemchemi za Kikuletwa, Rundugai, wilaya ya Hai. Unashukia Boma Ng'ombe, unaingia barabara ya vumbi kwa bodaboda au kwa Noah mliyokodi, unapita nyika kavu na mbuzi mpaka unaanza kujiuliza kama dereva kapotea, halafu ghafla mikuyu, minazi ya porini na maji ya bluu unayoweza kusomea gazeti chini yake. Wageni wanapaita maji moto. Si ya moto, ni vuguvugu tu, na ndiyo maana panafaa kwa anayeanza: mwili haushtuki.

Lakini uangavu ule una uongo ndani yake. Maji safi hufanya chini kuonekane karibu kuliko kulivyo. Penye mita nne macho yanakuambia tatu. Mara ya kwanza nilishuka nikitegemea kukanyaga, nikapitiliza. Nisingekuwa nimefundishwa kulala chali, ningeanza kuyapiga maji. Nikageuka, nikatazama matawi ya mkuyu, nikahema, nikajisukuma taratibu hadi kwenye mizizi. Nayo mizizi ile ni ya kuangaliwa. Inashuka hadi majini, inateleza kwa ukungu wa kijani, na ina matundu ambayo mguu unaingia vizuri na kutoka kwa shida. Usipige mbizi kuifuata.

Kuna kamba ya kubembea, kila mtu anataka picha yake. Ukitaka kuruka, kwanza ogelea polepole pale utakapoangukia, uhakikishe kina, na usubiri aliyeruka kabla yako aondoke kabisa. Ingia kwa miguu. Kichwa kikigonga gogo, shingo ndiyo inayolipa, na hiyo hailipwi mara mbili.

Kitu kilichonitisha Chemka hakikunipata mimi. Ilikuwa Jumapili, watu wamejaa, spika mbili zinashindana, nyama ziko motoni. Mtoto wa kama miaka tisa alikuwa kwenye tyubu ya gari, akateleza katikati yake. Nilimtazama, nikadhani anacheza. Hakupiga kelele. Kichwa kilikuwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, mikono inagandamiza maji pembeni kana kwamba anapanda ngazi. Kijana mmoja wa pale alijitosa na kumtoa, na ndugu zake, waliokuwa hatua chache tu na sahani mkononi, hawakujua lolote mpaka alipowekwa miguuni kwao analia. Sisi tumezoea sinema: anayezama anapunga mkono na kuita. Hana pumzi ya kuita. Pumzi yote inapigania kuingia. Ukimwona mtu amenyamaza, amesimama wima majini na hasogei mbele wala nyuma, muulize, "Uko salama?" Asipojibu, una sekunde chache tu.

Tangu siku hiyo nina maoni makali kuhusu tyubu, na nimeshagombana na wateja wangu kwa ajili yake. Tyubu ni mchezo wa anayejua kuogelea. Kwa asiyejua, inamfikisha penye kina ambapo asingefika kwa miguu yake, halafu inamwacha. Mnunulie mtoto jaketi la kuokolea maisha lenye mikanda inayopita katikati ya miguu, vinginevyo akianguka jaketi linabaki juu na yeye anatoka chini. Na ukae naye kwa umbali wa mkono. Bia isubiri nyumbani.

Kwa kuwa ni kazi yangu, niseme kidogo kuhusu nguo, maana wanawake wengi ndipo tunapokwama. Hatutaki kuvaa kile kichupi, hivyo tunaingia na fulana, dera au kanga kiunoni. Fulana ya pamba inakunywa maji, inavuta mabega chini kila unapoinua mkono. Dera linajaa maji kama mfuko. Kanga ndiyo mbaya kuliko zote, inajisokota kwenye mapaja na kuyafunga pamoja. Nilikaa na shoga yangu dukani kwake tukachagua kitambaa cha taiti, kile kinachovutika pande zote mbili, nikakata suruali ya kubana inayoishia chini ya goti na blauzi ya mikono mirefu inayofunika makalio. Nilishona kwa zigizaga, kwa sababu mshono ulionyooka ukivutwa unakatika uzi, na siku ya kwanza nilishauona ukikatika kwa mwingine. Rangi tulichagua chungwa kali. Bluu na kijani ni nzuri dukani, lakini mtu aliyevaa bluu akiwa ndani ya maji ya bluu unamtafuta. Rasta ndefu zikilowa ni mzigo, zifunge juu. Miguuni vaa raba kuukuu zenye kamba. Kandambili zitakwenda zake na maji, nawe utazifuata.

Baada ya Chemka tukataka maji ya mlimani. Hapa ndipo nataka usome taratibu.

Mtu mmoja tunayefahamiana alituelekeza kwenye mto fulani upande wa Kibosho, silitaji jina lake kwa sababu wenyeji hawataki umati. Ukishuka bonde kwa njia ya migomba na kahawa unakuta maporomoko madogo, chini yake dimbwi la kijani, mawe makubwa ya kuanikia nguo. Tulifikia kwa babu mmoja ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kinapakana na bonde. Tulimwamkia, tukakaa, tukanywa alichotukaribisha, ndipo tukasema tumekuja kuogelea. Hilo la kukaa kwanza si adabu tu. Wenyeji ndio wanaojua mfongo unaanzia wapi, watu wa chini wanachota wapi, na dimbwi gani haliingiwi. Sabuni usipeleke kabisa, kuna mtu atakunywa hayo maji.

Babu akatuambia dimbwi la juu, lile lililo chini kabisa ya maporomoko, lina joka linalovuta watu. Mdogo wangu wa kiume akacheka chinichini. Mimi pia moyoni sikuamini. Baadaye nimeelewa. Maji yanayoanguka hayaendi mbele moja kwa moja. Juu yanarudi nyuma kuelekea yanapoangukia, yanakuzungusha na kukurudisha chini tena. Isitoshe yamejaa povu, na maji yenye hewa hayakubebi kama maji mazito. Hata muogeleaji hodari anaweza kuzungushwa pale asitoke. Wazee waliolivika jambo hilo sura ya joka walikuwa wamehesabu waliozama. Siku hizi mwenyeji akiniambia mahali pana joka, namuuliza linavuta kuelekea wapi.

Maji yenyewe ni baridi. Ukijitosa kwa pupa kifua kinabana, unavuta pumzi kubwa bila kutaka, na kama mdomo uko chini wakati huo umeshakunywa maji. Hali hiyo hudumu kama dakika moja au mbili kisha pumzi inarudi yenyewe. Kwa hiyo kaa kwanza kwenye jiwe, lowesha uso, shingo na kifua, shuka hadi kiunoni, ngoja. Ukiona unaweza kumalizia sentensi bila kutweta, endelea. Na usikae sana. Vidole vikianza kuwa vizito, toka, hata kama bado una raha.

Babu alikuwa na mjukuu, kijana wa kukata majani ya ng'ombe, na tulipokwenda mara ya kwanza alishuka nasi. Kabla hatujavua viatu alivunja kijiti cha mti wa kahawa, akakichomeka kwenye mchanga pale hasa maji yalipoishia. "Dada, hiki mkitazame kila mkigeuka," akasema. "Kikisimama ndani ya maji, tokeni. Msikusanye nguo, tokeni." Nikauliza kwa nini, wakati jua linawaka na mbingu nyeupe. Akanyoosha kidole kwa juu, ambako kilele cha Kibo hakikuonekana kwa mawingu.

Ndivyo mito yetu ilivyo. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hunyesha huko juu kwenye ukanda wa msitu. Mjini unaweza kuwa unapepea kwa kitambaa cha jasho huku juu kunamwagika, na yale maji yanashuka kwenye bonde jembamba. Masika, Machi hadi Mei, hilo linajulikana na kila mtu anaogopa. Waliokuwa Arusha Aprili 2024 hawajasahau basi la wanafunzi lililosombwa Muriet. Kinachoponza watu ni miezi mingine, hasa vuli inapoanza, mto ukiwa bado mdogo na mzuri.

Kwetu ilikuwa mwishoni mwa Oktoba. Tulichelewa kutoka mjini kwa sababu ya mteja wa sare za harusi, tukafika bondeni saa saba na nusu, wakati mawingu yameshakaa mlimani tangu asubuhi. Kijana alisema ni heri tuje siku nyingine. Tulimwambia tutakaa kidogo tu. Shoga yangu alivuka kwenda kwenye jiwe la katikati ili apigwe picha na maporomoko nyuma yake. Maji yalikuwa ya magotini.

Dalili zilikuja zote, kwa mpangilio, na sisi tukawa tunazitazama kama maonyesho. Kwanza majani makavu yalianza kuelea mengi mengi, na vijiti. Halafu maji yakapoteza kijani yakawa rangi ya chai ya maziwa. Halafu ikaja harufu ya udongo. Kijiti kilikuwa kimeshazama nusu. Nilipogundua kwamba napaza sauti ili nisikike, kijana alikuwa tayari anakimbia kuushuka ukingo akipiga kelele kwa Kichaga.

Shoga yangu alifanya ambalo yeyote angefanya: alishuka jiweni ili arudi kwa miguu. Maji yalimfika mapajani. Maji ya mapajani bwawani ni mchezo wa watoto. Yakiwa yanakimbia yanakusukuma kwa uzito ambao mtu hausimamii. Hatua ya tatu mguu ukaingia kati ya mawe mawili, mwili ukaendelea mbele. Alianguka kifudifudi. Namshukuru Mungu kiatu ndicho kilichobaki, mguu ukachomoka. Akaanza kwenda na maji, akijaribu kusimama kila mara, na kila akisimama anaangushwa tena. Chini yake, kama hatua ishirini hivi, kulikuwa na gogo lililolala kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, maji yakipita chini yake.

Mdogo wangu alitaka kujitosa. Kijana alimsukuma kifuani akakaa chini. Kisha akachukua dumu.

Kila tulipokwenda naye alikuwa na dumu la njano la mafuta ya kula, la lita tano, tupu, limefungwa kwenye kamba ileile anayofungia mzigo wa majani. Tulidhani ni la kuchotea maji. Ndani aliacha maji kidogo, kama kikombe, ili liwe na uzito wa kurushika. Likiwa tupu kabisa upepo unalirudisha. Hakulirusha kumlenga usoni. Alilirusha kumpita, upande wa chini ya mto, kamba ikalala juu ya mabega yake. "Kamata kamba! Lala chali! Miguu juu!" Tukapokea wote, tukaimba kwa pamoja kama wendawazimu: lala chali, miguu juu. Hapo ndipo nilipoona lile somo la elfu kumi likifanya kazi. Aligeuka. Miguu ikatokea juu ya maji, ikielekea mbele, dumu kifuani.

Kijana alikaa chini, visigino vimeegemea jiwe, kamba imepita nyuma ya kiuno lakini hakuifunga. Hilo nilimuuliza baadaye. Akasema ukijifunga, mto ukishinda mnakwenda wawili. Kamba ilipokaza, mkondo wenyewe ulimpeleka shoga yangu pembeni, akazungushwa hadi ukingoni kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba, hatua chache tu kabla ya gogo. Tulimvuta kwa kwapa.

Yale mawe ya kuanikia nguo hayakuonekana tena tulipopanda. Na gogo lile nimelifikiria sana kuliko kitu kingine. Maji yanapita kwenye matawi, mtu hapiti. Anabanwa, na mto unaendelea kumgandamiza. Ukijikuta unapelekwa kuelekea gogo au rundo la matawi na huwezi kuliepa, ndiyo hali pekee ambapo unageuka kifudifudi, unaliendea kwa kichwa na kujirusha juu yake kwa nguvu zako zote. Nje ya hapo ni chali, miguu mbele, makalio juu, ukijisukuma kwa pembe kuelekea ukingo, na usisimame mpaka makalio yaguse mchanga.

Alikuwa amemeza maji na anakohoa. Alitaka apelekwe nyumbani, akaoge, alale. Babu alikataa, akamfunika blanketi, akatuambia tumpeleke hospitali. Alikuwa sahihi. Maji yakishaingia kwenye mapafu, mtu anaweza kuonekana mzima halafu kupumua kukamlemea saa kadhaa baadaye. Tulikesha naye hospitalini, akapimwa oksijeni mara kwa mara, asubuhi akaruhusiwa. Kati ya Noah, vipimo na kulazwa tulitumia zaidi ya laki moja na nusu, na kazi ya sare za harusi ikachelewa. Simu yake ilikwenda na mto, pamoja na picha.

Ungetegemea tungeacha. Tulikaa miezi bila kwenda popote, kisha mimi na mdogo wangu tukajiambia shida ni mlima, tutafute maji yaliyotulia. Tukashuka upande wa chini wa mji, kwenye mashamba ya mpunga, ambako mifereji ni mipana, maji ya vuguvugu, hayana haraka. Watoto wa huko wanaruka kutwa. Tulifurahi sana.

Jioni ile miguu iliwasha, vipele vidogo, vikapotea. Wiki kadhaa baadaye nikapata homa, kikohozi kikavu, uchovu wa kushindwa hata kukanyaga cherehani. Nilipima malaria, hakuna. Duka la dawa likaniuzia antibayotiki, nikamaliza, hakuna. Nikauziwa nyingine. Aliyenisaidia ni daktari aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla: "Mama, umeogelea wapi?" Kichocho. Konokono wadogo wanakaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, wanatoa viluwiluwi vya minyoo visivyoonekana kwa macho, na hivyo vinapenya ngozi kwa dakika chache, zaidi wakati wa jua la mchana, saa zilezile sisi tunazopenda kuogelea. Kujifuta haraka kwa taulo kunaweza kupunguza, lakini usikutegemee.

Niseme jambo ambalo lingeniokolea hela. Ukipimwa mapema mno, mayai hayaonekani. Subiri wiki sita hadi nane tangu ulipoingia majini, kisha pima choo na mkojo. Damu kwenye mkojo usisubiri hata siku moja. Dawa ni prazikuanteli, kipimo chake hufuata uzito, na haiwamalizi minyoo walio wachanga bado, ndiyo maana anayemeza mapema huambiwa arudie. Imeze ukiwa umekula. Mimi ilinizungusha kichwa siku nzima, halafu nikapona. Mdogo wangu hakuwa na dalili yoyote, alikwenda kupima kwa kulazimishwa, naye akakutwa nacho.

Hiyo ndiyo hesabu ngumu ya mito yetu: juu maji ni safi na baridi lakini yanakimbia na kujaa ghafla, chini yametulia lakini yana kichocho. Ukishuka zaidi, mto Kikuletwa unapokaribia bwawa la Nyumba ya Mungu, kuna mamba, na huko hakuna mjadala. Themi inapopita katikati ya Arusha inabeba uchafu wa mji, hiyo tazama tu. Na popote pale, ukiwa na kidonda kibichi, au mvua imenyesha na maji yamechafuka, usiingie. Mkojo wa panya na mifugo huleta homa ya mgunda, ile iliyozua hofu Lindi mwaka 2022.

Sasa hivi tunakwenda Chemka, siku za kazi, asubuhi, na mlimani mara chache, kuanzia Juni hadi Septemba, tukiwa tumeshapanda kutoka bondeni kabla ya saa sita. Kila mwaka tunalikagua dimbwi upya, kwa sababu mafuriko ya masika yanahamisha mawe. Palipokuwa na kina mwaka jana huenda pana mwamba. Mmoja anabaki mkavu ukingoni, kamba na dumu mkononi, haingii hata aombwe vipi, na simu ya kuchezea haruhusiwi. Mtu nyumbani anajua tuko wapi na tutarudi saa ngapi, maana mabondeni mtandao haushiki. Ukipata mtandao, Zimamoto na Uokoaji ni 114, lakini usijidanganye kwamba watakuwahi bondeni. Wewe na waliokuzunguka ndio waokoaji.

Kwa sababu hiyo kocha wetu alitufundisha kumhudumia aliyetolewa majini. Kwetu wengi humgeuza kichwa chini au kumkanyaga tumbo ili maji yatoke. Usifanye hivyo, matapishi yanarudi kwenye mapafu na muda unapotea. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi tano mdomoni hadi uone kifua kikipanda. Kisha gandamiza katikati ya kifua mara thelathini, kwa nguvu na kwa haraka, pumzi mbili, thelathini tena, bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Huenda wengi wao hawakuwa mbali na mtu aliyeweza kurusha dumu.

Babu tunamtembelea bado, na mjukuu wake tulimnunulia kamba mpya ya nailoni ya mita ishirini, ingawa anadai ile ya majani inashikika vizuri zaidi mkono ukiwa umelowa. Shoga yangu amerudi bwawani na anafundisha wanawake wengine wawili wa mtaa wetu kulala chali. Mtoni hajakubali. Nimemshonea suti nyingine ya chungwa, aliilipia, akaniambia itatosha kwa bwawa.